Siafu Humla Asiyeweza Kukimbia

Asubuhi ile nzi walikataa kufa, na Mwantumu Shekimweri akakasirika.

Alikuwa na sababu zake. Alifika kazini hajanywa hata chai, dada yake amelazwa jengo la pili hawezi kusema, na sasa chupa aliyotarajia kuikuta na nzi waliolala chali ilikuwa na nzi wanaopanda ukuta wa kioo kwa haraka za watu waliochelewa harusi. Akaigonga chupa mezani. Nzi wote wakaanguka chini, wakajikung'uta, wakaanza kupanda upya. Akaigonga tena, safari hii kwa hasira. Wakapanda. Akachukua chupa ya jirani, ambayo nzi wake walichomwa siku ileile kwa sindano ileile, akaigonga nayo. Hao walianguka na kubaki hukohuko chini, wazima lakini wakizungukazunguka juu ya uji wao kama hawajui juu ni wapi.

“Mmebadilishana chupa,” Mwantumu aliwaambia nzi.

Hawakuwa wamebadilishana. Alizikagua chupa mpaka akachoka.

Nzi wenyewe si wale wa chooni, usije ukashika pua. Ni vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozuka sijui kutoka wapi ukisahau ndizi mbivu mezani. Katika Nyumba ya Nzi, chumba kirefu nyuma ya hospitali ya mlimani kule Lushoto, walilishwa vizuri kuliko wagonjwa: uji mzito wa mahindi, sukari guru na hamira, ukagandishwa chini ya chupa. Kazi ya Mwantumu ilikuwa kuwachoma kichwani kwa sindano nyembamba kupita unywele, kisha kuangalia jinsi damu yao inavyofanya usafi.

Maana nzi hana daktari. Anachonacho ni walaji, chembe za damu zinazozunguka mwilini mwake zikipapasa kila zinachokutana nacho. Chembe ya mwili ikifa, mafuta yaliyojificha upande wa ndani wa ngozi yake hujitokeza nje, na hiyo ndiyo bendera yake: njoo unile. Mlaji akiigusa bendera hunyoosha mikono, akaizunguka chembe ile, akaifumbata mpaka ikawa tumboni mwake, akaimwagia uchachu ikayeyuka. Vijidudu vya maradhi navyo huliwa hivyohivyo, bila salamu. Ndiyo maana nzi anaweza kushinda kwenye uozo asiugue.

Mikono hiyo ya nzi ndiyo iliyozaa dawa iitwayo siafu. Vidonge vya zamani viliposhindwa, vijidudu vikawa vinavimeza kama peremende, kundi la watafiti, Mwantumu akiwa mmoja wao, lilichukua chembe nyeupe za damu ya binadamu na kuzipa mikono ya nzi. Sindano moja tu, na homa iliyokuwa inaua watu wodi nzima ikawa inaondoka kabla shuka halijabadilishwa. Jina la siafu lilitolewa na wagonjwa wenyewe, nalo likashika. Kila aliyeishi nyumba ya udongo anawajua siafu: wakiingia, unatoka wewe, ukirudi hukuti panya, hukuti mende, wala kunguni hukuti. Wamekufagilia bure.

Na kila aliyeishi nyumba hiyo anajua pia kwamba kabla ya kutoka unamfungua mbuzi kamba, unamwondoa kuku anayeatamia, na mtoto mchanga unambeba. Siku jina lilipopitishwa hakuna aliyelikumbuka hilo, Mwantumu akiwemo.

Sasa, wale nzi wapandaji walikuwa wameshibishwa. Huo ni utaratibu wa zamani wa Nyumba ya Nzi. Ukitaka kujua mlaji ana faida gani, unamjaza kwanza: unampiga nzi sindano ya shanga, vipunje vya mafuta vyenye bendera ileile ya maiti, walaji wanavila mpaka matumbo yanawajaa, kisha unamjeruhi nzi na kutazama mambo yanavyoharibika kwa kukosa wafagiaji. Mwantumu alitarajia vichwa vilivyooza. Alipomweka nzi mmoja chini ya hadubini, aliiona sehemu iliyochomwa. Chembe zile alizoziona jana zimepandisha bendera zilikuwa bado zipo. Bendera zilikuwa zimeshushwa. Chembe zilikuwa kazini.

Akatazama nzi wa pili, na wa tatu. Ilikuwa vilevile.

Kosa la watafiti lilikuwa dogo, tena la watu waangalifu. Tangu chumba kile kifunguliwe, chembe yoyote iliyokutwa tumboni mwa mlaji ilihesabiwa kuwa ni maiti. Kwa nini isihesabiwe? Mlaji hula wafu, na hii imeliwa. Hakuna aliyewahi kuuliza ilikuwa na hali gani ilipokuwa inaingia. Kumbe chembe iliyopata pigo hupandisha bendera hata kabla haijafa, ikiwa imezimia tu, na ukiiacha ikapumua hujishushia bendera yake na kuendelea na maisha. Mlaji hangoji. Alikuwa akiwala waliozimia pamoja na waliokufa, na wao wakaandika kwamba wote ni wafu.

Ndipo Mwantumu alipomkumbuka yule kuku anayeatamia, na mara akamkumbuka dada yake. Akatoka mbio bila kuvua koti la kazi.

*

Hiari Shekimweri alikuwa mnadi wa matunda Soni, na kama hujawahi kumsikia basi hukuwahi kufika Soni. Sauti yake ilikuwa inaanzia kwenye kreti za plamu, inapanda mlima, inarudi. Ndege zisizo na rubani zilizokuwa zikibeba matunda kuteremka Mombo zilikuwa na kelele, lakini watu walisema zenyewe ndizo zilizomlalamikia Hiari. Akinyamaza, wenzake walitania, soko limefungwa.

Alinyamaza siku ya mnada, katikati ya sentensi, na kuanguka upande wa kulia. Kiharusi. Alipozinduka alikuwa anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu; macho yake yalikuwa yaleyale ya kukagua bidhaa. Ila mdomo ulikuwa umekufa ganzi na maneno hayakuja. Kisha uji ukapita njia siyo, ukaingia mapafuni, na homa ya mapafu ikaanza.

Barazani nje ya wodi Mwantumu alimkuta Mzee Mbaruku Kaoneka amekaa na kikapu cha mapeasi. Mzee huyu hakuwa na mgonjwa pale. Mkewe, Bi Sitti, alipata kiharusi na homa ya mapafu mwaka uliopita, akapigwa sindano ya siafu, akapona homa, akarudi nyumbani. Tangu hapo alikuwa anakaa kitini alipowekwa, hasemi, haoneshi kama anamjua mtu. Mzee hakuilaumu hospitali. Aliambiwa kwamba sehemu ile ya ubongo ilikuwa imeshakufa siku ya kwanza, siafu waliondoa maiti tu, na akakubali kama mtu anavyokubali mapenzi ya Mungu. Matunda yalipoiva alileta kikapu kushukuru.

Mwantumu alimwamkia. Mzee akaitikia, akamwambia amesikia habari za dada yake, na asihofu, siafu walimrudishia mke wake na huyu naye watamrudisha. Mwantumu aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akapokea pole, akaingia ndani.

Daktari Shemdoe, mkuu wa wodi, alikuwa anamsubiri na sindano tayari. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwa mtu mbaya. Alimwonesha kwenye kioo cha picha kilichokuwa juu ya kitanda jinsi mapafu ya Hiari yalivyojaa ukungu, na kumwambia kwamba yeye kama ndugu atoe idhini haraka, kwani jioni itakuwa kuchelewa. Kuhusu kusema, alimpa yale maneno waliyowapa watu wote: sehemu ile imekwisha kufa, siafu watafagia tu.

“Haijafa,” Mwantumu alisema.

Akamvuta pembeni, akamweleza habari za chupa mbili. Shemdoe alisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo tumsifu. Kisha akapangusa miwani, akapangusa tena ilhali ilikuwa safi.

“Nzi si mtu, Mwantumu.”

“Tulipochukua mikono yao hukusema hivyo.”

Shemdoe akauliza swali la kazi: basi afanye nini? Akimnyima siafu, huyu mama hafiki kesho kutwa. Akimpa, na kama nzi wanasema kweli, siafu watapanda kichwani kama walivyopanda kwa wengine wote, wakute chembe za maneno zimezimia na bendera zao juu, wazile. Mdomo wa Hiari utakuwa umekwenda moja kwa moja.

Mwantumu alikuwa na njia ya tatu, na alitamani asiwe nayo. Siafu wapigwe kwenye mshipa kama kawaida, wakale vijidudu mapafuni. Lakini kabla yao, shanga zipigwe mgongoni, kwenye maji ya uti wa mgongo yanayopanda hadi kichwani, ili siafu wa kwanza kufika huko wakute karamu, washibe, wawaache waliozimia wapumue. Shanga za kutosha zilikuwepo Nyumba ya Nzi, safi kabisa, zimetengenezwa kuyeyuka zenyewe. Kwa nzi ilikubali. Kwa mtu hakuna aliyewahi kujaribu. Na shanga zikivuja kutoka mgongoni zikaingia kwenye damu, siafu watashiba mwili mzima, watapita juu ya vijidudu bila hamu, na Hiari atakufa kwa mapafu huku damu yake imejaa walinzi walioshiba.

“Hilo siwezi kuliamua mimi,” Shemdoe alisema. “Wala wewe huwezi. Wewe ni ndugu yake na ni mwenye shanga. Huoni?”

Aliona. Kwa mujibu wa sheria, neno la ndugu linatosha, na pale pale angeweza kulisema. Angeweza pia kunyamaza, akaacha siafu wafanye kazi kwa jina jema walilonalo, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, maana maneno ya dada yake tayari yalikuwa yameandikwa miongoni mwa maiti. Mawazo hayo mawili yote yalimchukiza. Mtu ambaye mdomo ni wake yupo hapo, macho wazi, anasikia.

“Twende tukamuulize mwenyewe,” alisema.

*

Mnada wa Soni una adabu zake. Kelele ni za mnadi peke yake. Mnunuzi anayekataa bei hafungui mdomo. Anafuta hewani kwa kiganja, kama anayefuta makombo mezani. Anayekubali anagonga kreti kwa kifundo cha kidole, na akishagonga imekwisha, hata akilia. Na mnunuzi asiyeamini mzigo hugusa midomo yake, maana yake: onja kwanza wewe mwenyewe. Muuzaji asiyeonja huzomewa mpaka anafunga virago.

Mwantumu alikaa upande wa kushoto wa kitanda, upande ambao mkono wa dada yake ulikuwa bado una nguvu. Kifua cha Hiari kilikuwa kinakoroma. Paji lake lilikuwa la moto.

“Dada,” alisema, “nina mali tatu, na zote mbovu.”

Macho ya Hiari yakamgeukia. Hayo ndiyo maneno aliyoyaelewa tangu ujana.

Mwantumu akamweleza ya kwanza, siafu peke yao: utapona mapafu, lakini naamini hutasema tena. Hiari alifuta hewani kabla hajamaliza. Akamweleza ya pili, bila siafu: maneno huenda yakarudi, lakini mapafu hayatakungoja. Hapa Hiari alikawia. Alitazama dari, akavuta pumzi iliyomuumiza, kisha hiyo nayo akaifuta, polepole. Mwantumu akamweleza ya tatu, shanga za mgongoni. Hakumficha kitu. Alimwambia imejaribiwa kwa nzi tu. Alimwambia zikivuja atakufa, na atakayekuwa amemuua ni mdogo wake.

Hiari hakufuta wala hakugonga. Alimtazama Mwantumu kwa muda, akainua mkono wa kushoto kwa taabu, akagusa midomo yake.

Shemdoe aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda akadhani anaomba maji, akageuka kutafuta bilauri. Mwantumu alimzuia. Alijua alichoulizwa: aonje kwanza yeye mwenyewe.

“Kama ingekuwa mimi,” alisema, “ningechukua ya kwanza. Mimi naweza kuishi bila mdomo, dada, kazi yangu ni nzi. Na naogopa. Nakutaka uwe hai hata ukiwa bubu. Hiyo ndiyo ladha yake kwangu, sikudanganyi. Lakini mdomo si wangu.”

Chozi moja lilimtoka Hiari, likaingia sikioni. Upande wa kushoto wa uso wake ulicheka, ule upande mwingine ukabaki hivyohivyo. Akanyoosha vidole vitatu. Kisha akaukunja mkono, akagonga chuma cha kitanda kwa kifundo cha kidole, kwa nguvu, kama alivyokuwa akigonga kreti.

Shemdoe alirudisha sindano ya kwanza kwenye sinia na kuagiza shanga.

*

Hazikuvuja. Yaani zilivuja kidogo, na siku mbili za mwanzo Mwantumu alizimaliza kwenye kiti kando ya kitanda, akitazama ukungu wa mapafuni usiopungua na kujilaani kwa kila jina alilolijua. Siafu walikwenda taratibu kuliko walivyozoea, kama watu waliotoka kwenye shughuli wamekula. Lakini walikwenda. Ukungu ulianza kumeguka kutoka pembeni, homa ikashuka, na Hiari akalala usingizi wa kweli.

Maneno hayakuja. Mwantumu alikwishawaeleza wakuu wote wa hospitali habari za chupa mbili, na siafu wakasimamishwa kwa kila mgonjwa wa kiharusi mpaka ijulikane moja. Wengine walimpongeza, wengine waliacha kumwamkia. Yeye alikuwa na jambo moja kichwani. Kila asubuhi alimsemesha dada yake, akamtania, akamwuliza hali ya soko, na kila asubuhi Hiari alifungua mdomo, ukatoka upepo.

Siku Mzee Mbaruku alipokuja kumwona mgonjwa, Hiari alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mzee aliweka kikapu kitandani, akamtakia afya njema, akachagua peasi moja zuri na kumwekea kiganjani. Hiari akalibonyeza kwa kidole gumba. Akaligeuza. Akalinusa. Uso wake ukakunjamana, mdomo ukahangaika, ukapinda, ukatafuta njia.

“Ma,” alisema. “Ma. Mabichi.”

Mzee Mbaruku alicheka sana. Alisema ni kweli mabichi, ameyachuma kwa pupa, kumbe Soni haidanganyiki hata kitandani. Hiari, machozi yakimtoka, akalirudia neno lake moja kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea: mabichi, mabichi. Mzee akazidi kucheka. Kisha kicheko kikamkatika.

Aliketi. Alimtazama Hiari, akamtazama Mwantumu.

“Huyu naye,” alisema, “si mlisema sehemu ile imekufa?”

Njia ya kukwepa ilikuwepo, pana. Mwantumu angeweza kumwambia kwamba kiharusi na kiharusi havifanani, na isingekuwa uongo. Mzee alikuwa ameshajipatanisha na jambo lake. Kumfungulia kidonda kungekuwa ukatili, na Shemdoe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa akitikisa kichwa taratibu kumsihi asiseme.

“Tulisema hivyo, baba,” Mwantumu alijibu. “Tulikosea. Ya huyu ilikuwa imezimia.”

“Na ya Sitti?”

“Labda sehemu nyingine ilikuwa imekufa kweli. Nyingine ilikuwa imezimia tu, na siafu wetu wakaila. Ni kiasi gani, sijui. Hatukungoja tuone. Nisamehe.”

Mzee Mbaruku hakupandisha sauti. Alipanga mapeasi vizuri ndani ya kikapu, ingawa yalikuwa yamepangika.

“Mliponiambia imekufa,” alisema, “niliacha kumsemesha. Namlisha, namwogesha, namgeuza. Lakini kumsemesha niliacha. Niliona ni kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Sehemu iliyobaki, inasikia?”

“Sijui, baba.”

“Hujui.”

“Sijui. Ila sitakuambia tena kwamba haisikii.”

Hiari aliinua mkono wake wa kushoto akamshika kanzu, asiweze kumwambia chochote isipokuwa lile neno moja alilonalo, na hilo hakulisema. Mzee akautoa mkono ule kwa upole, akasimama, akatafuta fimbo yake. Mwantumu alimwomba angoje chai. Alikataa.

“Wacha niende nikamsalimie,” alisema. “Sijamsalimia tangu masika ya mwaka jana.”